Chien Jui-lan na Mashine Aliyoizima

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa wa stesheni, na nyinyi wa hospitali mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, asanteni kwa kufika. Mimi ni Chien Jui-chu, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa ufupi na kwa adabu. Adabu ninayo, ufupi nitajaribu. Kuna neno limemfuata dada yangu tangu mwaka 1998, kwamba alimzimia mume wake mashine ya matibabu, na wengi wenu mmelisikia hata kama hamkulitamka. Leo litasemwa lote, kwa ridhaa ya wanaohusika, kabla hatujamsindikiza.

Marehemu Chien Jui-lan alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 huko Meinung, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Chien na mkewe, wakulima wa tumbaku. Kila mtoto alikuwa na kazi yake, na ya Jui-lan ilikuwa kuangalia joto katika banda la kukaushia majani. Joto likizidi majani yanaungua, likipungua yanaoza, na mwaka mzima wa jasho unakwenda na maji. Siku moja baba alimkuta jikoni amekitumbukiza kipimajoto cha banda kwenye sufuria inayochemka.

"We mtoto una wazimu? Maji ya moto ni ya moto, unapima nini hapo?"

"Sipimi maji, baba. Napima kipimajoto."

Kipimajoto kilikuwa sawa kabisa, naye akafokewa kwa kumaliza kuni. Alisema hata hivyo amefurahi kujua.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Meinung, kisha sekondari ya wasichana Kaohsiung, na mwaka 1974 akahitimu shahada ya fizikia huko Hsinchu. Nyumbani tulidhani atakuwa mwalimu. Akaenda Taipei kujifunza kazi ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia: mwanafizikia wa tiba, katika wodi ya wagonjwa wa saratani. Mama alimhoji mezani, mbele yetu sote.

"Wewe si daktari, wala si muuguzi. Sasa hospitalini unafanya nini?"

"Daktari anasema mgonjwa apigwe mionzi kiasi gani. Mimi nahakikisha mashine inatoa kiasi hichohicho, inapiga palepale panapotakiwa, na anayeiwasha anarudi kwake salama."

"Ala! Kumbe wewe ni yule mtu anayekagua mizani sokoni."

"Ndiyo huyohuyo, mama," akasema, akaongeza wali.

Tarehe 12 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Lo Wen-kuei, msaidizi wa mkuu wa stesheni hapa Hualien, akahamia hospitali ya mji huu. Walijuana kwa ugomvi. Treni aliyopanda Jui-lan ilizuiwa stesheni kwa sababu breki zilikuwa na walakini, akashuka kumgombeza mwenye bendera, na mwenye bendera, ndiye Wen-kuei, akamwambia, "Dada, nikikuchelewesha utanichukia. Nikikuua hutaweza hata kunichukia." Alirudi kwenye behewa akicheka peke yake. Walijaliwa binti mmoja, Pei-chen. Wen-kuei alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, Bi Teng Kuei-mei, na mama huyo alimpenda mkwe wake waziwazi, jambo ambalo mabibi wa rika lake hawalifanyi. Kila msimu alimtengea mtungi wa figili za chumvi, ule mkubwa.

Agosti 1998 Wen-kuei alipatikana na saratani ya koo, akaanza matibabu kwenye mashine ileile aliyokuwa akiitunza mkewe. Nyinyi wa hospitali mnajua, lakini nalisema kwa ajili ya wengine: mionzi ya koo haitakiwi kukatizwa. Kila siku inayopita bure, ugonjwa unajipa nguvu. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyelijua hilo kuliko dada yangu.

Septemba ikaja tufani. Jui-lan alikuwa Meinung kwa siku mbili, kwenye hitima ya baba yetu. Hospitali ilisimamisha matibabu, wagonjwa wakabaki wodini, na barabara na reli za kutoka mjini zikafukiwa na maporomoko ya milima. Alirudi juu ya lori la wanajeshi, matope mpaka kiunoni, na kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia akafanya kipimo chake cha kila asubuhi. Mashine ilikuwa inatoa mionzi zaidi ya ilivyotakiwa. Akabadilisha chombo cha kupimia, akapima tena. Jibu lilelile. Akaizima, akatoa ufunguo, akautia mfukoni.

Mkuu wa idara alikuja akiwa na haraka.

"Si uipunguze tu, tuendelee? Mume wako mwenyewe yuko kwenye foleni, Bi Chien!"

"Nimemwona. Lakini sijui kilichoipandisha, daktari. Nikiipunguza bila kujua, nitakuwa nabahatisha na makoo ya watu."

Wen-kuei alikuwa pale kwenye kiti cha magurudumu, sauti imeshakauka. Alisema, na wauguzi wawili walioko hapa walimsikia, "Taa nyekundu ni nyekundu. Hata mimi nikiwa abiria."

Fundi wa mashine alikuwa Taipei na njia hakuna. Siku sita zilipita. Siku ya sita, fundi alipofika na kuanza kufungua mashine, msaidizi wa Jui-lan, kijana wa maabara, aliangua kilio. Siku ya tufani ndiye aliyepima. Chombo kile cha kupimia kina hewa ndani yake. Tufani ikipita juu yenu hewa inapungua uzito, na chombo kinasoma pungufu. Ni lazima usome barometa ya siku hiyohiyo, ufidie. Yeye alitumia hesabu ya siku za kawaida. Akaona mashine imelegea, kumbe hewa ndiyo iliyolegea, akaipandisha. Kisha akaogopa kusema.

Hakuna mgonjwa aliyeungua, hata mmoja. Lakini Wen-kuei alipoteza siku sita, na ugonjwa ulirudi. Alifariki tarehe 17 Novemba 1999. Kama siku zile sita ndizo zilizomwondoa, hajui mtu, na madaktari niliowauliza nao hawajui. Dada yangu naye hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomkondesha.

Mama mkwe yeye aliona anajua. Kwenye msiba alisema mbele ya watu wote, "Ufunguo alikuwa nao mfukoni." Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Alimwita yule mtu wa mashine. Mtungi wa figili ukawa unapelekwa kwa jirani. Nilimwambia Jui-lan, kwa hasira, nawaambieni ukweli, "Mwambie mama kuhusu yule kijana! Unabeba mzigo wa nani?" Akanijibu, "Ana miaka ishirini na sita. Mama akishajua, atamchukia mpaka kaburini, naye ataacha kazi. Mimi ninayo mabega." Akambakiza yule kijana kazini, akamfundisha upya kuanzia mwanzo.

Aliendelea kufanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2017. Mabinti wa chumba cha mashine walimwekea juu ya mtambo pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, vile ambavyo jina lake lina maana ya utiifu, ili nao uwe mtiifu, kama mnavyofanya wote siku hizi. Hakuwakataza. Kila mwezi aliikagua pakiti kama imepitwa na tarehe, halafu akapima mashine vilevile. "Ninyi mwombeni, mimi nitamhoji," alikuwa akisema.

Mwaka 2019 Bi Kuei-mei, akiwa na miaka themanini na tisa, alipatikana na uvimbe titini akaandikiwa mionzi. Alifika mlangoni mwa chumba cha mashine akagoma.

"Silali hapo. Mwiteni yule mtu wa mashine aje apime kwanza."

"Bibi, alishastaafu."

"Kwani kastaafu macho?"

Jui-lan aliitwa, akaja mbio na viatu vya nyumbani. Akasimama pembeni, akamwambia, "Mama, anayepima sasa ni huyu. Anapima vizuri kuliko mimi." Aliyekuwa akipima ni yule kijana, ambaye mvi zilikuwa zimeshamwota. Akapiga magoti palepale sakafuni akamweleza bibi habari yote ya tufani, bila kujipunguzia hata chembe. Bibi akamuuliza, "Barometa ya leo umeisoma?"

"Nimeisoma, bibi."

"Haya, nyanyuka uwashe." Kisha akageuka. "Jui-lan, nishike mkono, kitanda hiki kiko juu mno."

Yule bwana yuko hapa asubuhi hii. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niyasome haya. Jina lake silitaji, kwa sababu dada hakuwahi kulitaja.

Oktoba mwaka jana Jui-lan aligunduliwa ana saratani ya kongosho. Wapo wanaonong'ona kwamba mionzi ndiyo iliyomla. Waacheni. Beji yake ya kupimia mionzi aliivaa kazini maisha yake yote na haikuwahi kusoma kitu cha kutisha. Hata shangazi yetu aliyelima tumbaku tu alikufa kwa ugonjwa huohuo. Alifariki nyumbani tarehe 24 Februari 2024, Pei-chen akimshika miguu, mama mkwe wake akiwa kitandani pembeni.

Juzi tulipomtia jenezani, Bi Kuei-mei aliomba fimbo. Mnajua desturi: mtoto akimtangulia mzazi amekosa adabu, na mzazi hugonga jeneza ili kosa lake liishie hapahapa duniani. Mwaka 1999 alimgongea Wen-kuei. Msimamizi wa mazishi akamwambia kwa upole, "Bibi, huyu ni mkwe. Hiyo ni ya mtoto wa kuzaa."

"Nani kakuuliza?" akasema. Akagonga mara tatu. "Huna adabu wewe. Umeniacha nipimwe na nani?" Akaanza kulia, na sisi sote tukalia.

Marehemu ameacha binti, Lo Pei-chen, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Kaka mmoja, na dada zake watatu, nikiwemo mimi. Kwenye karatasi mliyonayo, mstari wa kwanza wa waliobaki umechapwa "mama mkwe". Chukueni kalamu mfute neno la pili. Nimeagizwa nisome hivi: ameacha mama yake, Teng Kuei-mei.

Dada, mashine imeshapimwa asubuhi hii, iko sawa. Lala kwa amani.