Vichwa Viwili Darajani

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa fundi wa mabehewa.

Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1963. Hakushindwa masomo. Baba yake aliumia kazini, ikabidi yeye aingie karakana. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengine, na anayebisha, daftari zipo kabatini.

Mwaka 1969 alipata leseni, akaendesha lori la masafa marefu miaka thelathini na moja bila kulipindua. Alishika desturi ya madereva wa zamani: ukipishana na gari unahesabu vichwa vilivyomo na kuandika, ili likisikika limeanguka ijulikane watafutwe watu wangapi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975. Mkewe alikuwa mshonaji wa maturubai. Marehemu alimrudishia turubai moja mara tatu akidai linavuja. Halikuwa linavuja.

Alipostaafu alitaka kuandika kitabu cha barabara ile ndefu aliyoijua kama kiganja chake. Mwaka 2011 alisafiri siku kumi na tisa kwa gari dogo, yeye na mkewe tu, mke akimsomea namba za mawe ya kilomita, maana namba hazimshindi. Kumbe Ramani, dereva mwenzake waliyeshindana naye tangu ujana, naye alikuwa akiandika chake, akitokea upande wa pili. Walipishana kwenye daraja jembamba, kilomita 412, tarehe 3 Septemba, saa nane mchana, jua kali.

Vitabu vilitoka mwezi mmoja, Agosti mwaka uliofuata. Ramani akaja navyo nyumbani, vyote viwili vikawekwa mezani, kila mmoja akitafuta uongo wa mwenzake mstari kwa mstari. Walipofika darajani Ramani akacheka.

"Shemeji, yule mama mlimpakia wapi? Mimi nimeandika vichwa vitatu."

"Nyuma kulikuwa na godoro na dumu la maji," mke akajibu.

"Dumu halijifungi kitambaa cheupe, shemeji."

Marehemu hakucheka. Alifungua kitabu chake akamgeuzia. Kilisema: gari la Ramani, vichwa viwili, nyuma mama wa kitambaa cheupe ameegemea kioo.

Ramani alisoma mara mbili. "Breki, nilikuwa peke yangu."

"Nilichokiona ndicho nilichoandika."

"Tufute kwenye chapa ijayo, bwana. Watasema tumezeeka vibaya."

Ramani alifuta cha kwake. Marehemu alikataa katakata.

Tarehe 11 Februari 2013 gari la Ramani lilitumbukia mtoni pale pale kilomita 412. Marehemu alikwenda. Akawauliza waokoaji wanatafuta wangapi. Wakamwambia mmoja, na mwili wake wameshauopoa. "Wawili," akasema. "Rudini majini." Alisimama ukingoni mpaka wakarudi. Walizamia siku mbili, hawakuona mtu. Ila mzamiaji mmoja alisema mkanda wa kiti cha nyuma aliukuta umefungwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Mwaka huo huo mchapishaji wake alimwandikia kwamba toleo jipya lingependeza bila ukurasa wa daraja. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. "Wakiutoa nimekufa, nitabaki mwongo na sina wa kunitetea," alimwambia mkewe. Mke akamwambia, "Mimi nimekwenda wapi?"

Alifariki nyumbani tarehe 22 Aprili mwaka huu, saa tano asubuhi, dirisha likiwa wazi. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hakuna mwingine chumbani. Marehemu alitazama juu kidogo ya bega la mkewe, akasema kwa upole, "Mama watoto, sogea kidogo, mwenzio akae." Mke akasogea. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Juzi mchapishaji alifika kutoa pole, na kabla ya kuondoka akaugusia tena ule ukurasa. Mke wa marehemu akamjibu mbele ya watoto wake:

"Ukurasa unabaki. Niliposogea, kitanda kilibonyea pale nilipotoka."

Mchapishaji aliinamisha kichwa. Ukurasa unabaki.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake mdogo. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.