Mama Chupa na Vifuniko Sita

Tarehe 30 mwezi huu fundi wa maabara wa shule yetu atarudisha funguo alizozishika kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake la kwenye orodha ya wafanyakazi, wengi wenu hamlijui, maana kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa getini sote tunamwita Mama Chupa. Mimi ni mwalimu wa kemia, na nimeshirikiana naye chumba kimoja kwa miaka kumi na moja. Nilipopewa ukurasa huu wa jarida la shule nimuage, nilifurahi, na pia nikaona aibu. Sababu nitaisema.

Alipoanza kazi, maabara ilikuwa stoo ya madawati mabovu yenye bomba moja, nalo likivuja. Alisugua meza mwenyewe, akapanga chupa kwa ukubwa, akabandika mlangoni karatasi ya kukataza chai. Katazo hilo halikujali cheo. Mwalimu mkuu aliyetangulia alikutwa siku moja akinywa chai kwenye bika, chombo cha kioo cha kupimia kemikali. Alinyang'anywa kwa heshima zote, akapewa kikombe, na bika likaoshwa mara tatu mbele ya macho yake.

Jina la Mama Chupa lilitokana na kijito kinachopita nyuma ya shule. Miaka kumi na minne iliyopita aliwakutanisha vijana wetu wa klabu ya sayansi na wenzao wa shule ya ng'ambo ya kijito, ambao hadi hapo walijuana kwa ugomvi wa mpira tu. Kila Ijumaa wa ng'ambo huchota maji sehemu tatu za juu, mojawapo karibu na gereji, wetu sehemu tatu za chini, mojawapo chemchemi, kisha wote hupima pamoja katika maabara yetu. Jumamosi huandika matokeo kwenye ubao ulio kando ya chemchemi hiyo, wanakochota maji wakazi wa mtaa wa chini. Chaki ya kijani ina maana maji yanywewe, nyekundu yachemshwe kwanza. Mume wake, fundi cherehani, aliwashonea mkoba wa turubai wenye vyumba sita, kila chupa na chumba chake.

Mama Chupa ana sheria mbili: jina la mahali huandikwa ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, na chupa hufunguliwa moja moja. Wanafunzi huzikariri hata kabla ya kujua choo kiko wapi.

Ijumaa moja, miaka tisa iliyopita, hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza, naye akaenda hospitali kumpokea. Kesho yake ubao uliandikwa kijani. Jumatatu, akiosha chupa, aliona mafuta ya gereji kwenye chupa iliyokuwa na kifuniko cha chemchemi, mahali ambapo mafuta hayafiki. Hakungoja kupima upya. Alivua koti la maabara, akaenda kufuta kijani kwa kiganja chake, akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wachemshe maji. Watoto wawili walikuwa wameshaanza kuharisha. Namshukuru Mungu walipona. Maji mapya yalipopimwa, kweli chemchemi ilikuwa na vijidudu.

Kwenye mkutano wa mtaa, mama wa watoto wale alimuuliza kwa uchungu alikuwa wapi siku ile. Alijibu kwamba alikuwa kwa mjukuu, kwamba funguo za maabara ni zake na kosa ni lake, akaomba radhi. Wiki iliyofuata barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, kwa kuacha maabara bila msimamizi.

Msimamizi alikuwepo. Nilikuwa mimi. Nilikuwa na haraka, nikawaambia wanafunzi waandike kwenye vifuniko, kisha wao wakinawa mikono nikafungua chupa zote sita kwa mpigo na kufunika kama mkono ulivyonituma. Siku ya mkutano nilisimama nyuma ya Mama Chupa nikiwa nimeshika chaki nyekundu, mdomo nimeufunga. Nilikuwa mgeni kazini, niliogopa. Vijana wa timu zile mbili, ambao sasa ni watu wazima, walidhani wao ndio waliochanganya. Hawakuchanganya kitu.

Naamini Mama Chupa alijua siku ile ile. Hakuniuliza wala hakunisema kwa mtu. Ila tangu mwaka ule, kila muhula ukifunguliwa, nakuta mezani kwangu kalamu mpya ya kuandikia kwenye kioo. Ninazo ishirini na sita, na kila moja imenitia aibu na kunipa moyo.

Mama, wakazi wa mtaa wa chini waliendelea kuuamini ubao kwa sababu siku ile wewe mwenyewe uliwaambia ukweli kuhusu maji. Samahani kwa miaka hii tisa. Nimemwomba mwalimu mkuu aitoe barua ile kwenye faili lako na mahali pake aweke ukurasa huu, wenye sahihi yangu. Asante kwa kila chupa uliyoosha. Nenda ukapumzike na mzee wako na huyo mjukuu, na maisha yakutendee wema kama ulivyotutendea sisi.

Safari hii jina nimeliandika ubavuni.