Bibi Yeshimebet Demissie na Kikombe cha Tatu

Tunayemlaza leo, Bibi Yeshimebet Demissie, alizaliwa mjini Dessie tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa Bwana Demissie, fundi viatu, na Bibi Aregash. Alisoma huko huko, kisha akaja Addis Ababa kusomea uhasibu. Siku ya mahafali makaa ya jiko la kahawa yalimtobolea sketi. Akaivaa hivyo hivyo, eti tundu lile ni la heri.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika ofisi ya uhasibu karibu na mtaa wa Piassa, akapanda hadi kuwa mhasibu mkuu. Mwaka 1985 alifunga ndoa na mwalimu Negatu Beyene, wakajaliwa binti, Rahel, anayewasomea maneno haya.

Kila siku saa nne asubuhi aliwasha jiko la kahawa, wahasibu wote wakakaa pamoja, vikombe vitatu vitatu, na cha tatu, kwa desturi yetu, ndicho kinachoitwa baraka. Hapo magomvi yaliisha, na aliyekosea hesabu alisema bila aibu. Mwaka 2009 akaja meneja kutoka Uholanzi, Bwana Joost, ambaye amesimama pale mlangoni. Karibu, Bwana Joost.

"Kila mtu anywe kikombe kimoja, mezani pake," aliamuru. "Kwetu mhasibu hufurahi akimaliza mapema akaenda kwake."

"Kwetu, mwanangu, anayekunywa peke yake ni mgonjwa au mwizi," Bibi alimjibu. "Wewe ni yupi?"

Ofisi nzima ilicheka. Bwana Joost hakucheka. Wiki ile ile alimvua cheo mbele ya wote, akamtupa katika chumba cha majalada chini ya ngazi, peke yake, mpaka alipostaafu. Rahel alimwona mama yake akirudi macho mekundu, na hajasamehe.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2024. Siku chache kabla alimwita Rahel.

"Joost atakuja kunizika. Mkaribisheni vizuri. Sukari msimpunguzie, ila baraka msimpe."

"Mama, mbele ya watu?"

"Mimi cheo alinivulia wapi, chooni?"

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na wahasibu wenzake waliobeba jeneza hili. Baada ya mazishi tutakunywa kahawa hemani, sote pamoja, mpaka kikombe cha tatu. Bwana Joost, meza yako iko kule nje, na kikombe chako ni kimoja. Ukimaliza mapema, nenda kwako.

Bibi Yeshimebet apumzike kwa amani, na asipumzike peke yake.