Swichi Inayoitwa Kalondu

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Madam Kalondu Makau atarudisha kofia yake ya kazi stoo, atatia sahihi kwamba ameirudisha, kisha atakwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi minane katika Idara ya Ukaguzi ya shirika letu la stima. Karani wa stoo ananiambia hiyo ni kofia ya nne. Tatu za kwanza aliwaachia mafundi aliowakuta juu ya mapaa wakiwa vichwa wazi, na kila mara alijaza fomu akaeleza kofia ya serikali imekwenda wapi na kwa nini hairudi.

Aliajiriwa Oktoba 1993, akitoka Machakos na cheti cha ufundi wa stima. Mkubwa wake wa kwanza alimweka kwenye simu, akidhani mwanamke hatapenda ngazi. Wiki ya pili wakaguzi wawili waliugua, na yeye akachukua ngazi bila kuulizwa. Simu ililia mpaka ikachoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemrudisha mezani, na Kibera na Kawangware zikawa eneo lake. Kutoka Raila Village hadi Soweto East alikwenda kwa miguu, akizijua ploti za kupangisha kwa majina ya wenyewe na mbwa kwa tabia zao.

Sola zilipoanza kupanda juu ya mapaa yetu, wengi wetu ofisini tulizipokea kwa mashaka. Madam alizipokea kwa kitabu. Alisoma kanuni za kuunganisha sola na laini ya stima mpaka akawa anazisema akila githeri. Alitufundisha kwamba ukizitoa karatasi zote, linabaki jambo moja: laini ikizimika, sola ya nyumba isipeleke hata chembe ya umeme barabarani, kwa sababu huko kuna mtu anatengeneza. Basi kanuni inataka kinga mbili. Ya kwanza ni mashine ya sola ijizime yenyewe laini ikikatika. Ya pili ni swichi kubwa kwenye ukuta wa nje, yenye maandishi, ambayo fundi wa laini anaweza kuizima kwa mkono wake bila kumtafuta mtu yeyote.

Kuikagua ile kinga ya kwanza alikuwa na mtindo wake. Vipimo vya kisasa alikuwa navyo, lakini alisema mwenye ploti haelewi tarakimu, anaelewa redio. Alichomeka karedio kake kwenye soketi ya upande wa laini, saa sita mchana jua likiwa kali, kisha akamwambia mwenye nyumba azime stima ya barabarani. Redio ikinyamaza, umepita. Ikiendelea kuimba, umeanguka. Kanisa analosali pale Kabiro, Kawangware, lilianguka mara mbili. Mchungaji alimwombea mbele ya waumini wote ili Bwana amlainishe moyo. Aliitikia amina kwa sauti, na Jumatatu akarudi na karedio. Mara ya tatu walipita.

Sasa nieleze la Jumapili, tarehe 13 Machi 2022, ambalo yeye hapendi lielezwe. Atanisamehe, kwa kuwa fundi wa laini siku hiyo nilikuwa mimi, Khamala.

Mzee Gachanja, mwenye jengo la orofa tano hapo Kabiro, alikuwa ameibiwa swichi mbili za nje katika mwezi mmoja. Wauzaji wa vyuma chakavu hawana mchezo. Ya tatu alipoifunga, aliita fundi wa kuchomelea, akaizungushia kizimba cha nondo na kufuli juu yake. Madam alipofika kukagua aliuliza fundi wa laini atakifunguaje kile kizimba. Mzee akamhakikishia kwamba ufunguo utakaa dukani kwa Rahab, mlango wa pili, duka ambalo halifungwi kabla ya saa nne usiku. Kabiro yote ingejua. Madam alitia sahihi. Ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo alikubali ahadi mahali pa kitu.

Miezi miwili baadaye wapangaji walichoka na giza la kila mara stima ikipotea. Fundi mmoja wa mtaani akaja, akapitisha waya pembeni ya ile mashine, akaweka kiwashio ambacho msimamizi wa ploti, Tonny, angeweza kukibonyeza wao wapate mwanga, ingawa umeme huohuo ungetoka hadi barabarani. Hakuna aliyetuambia. Kinga ya kwanza ikawa imekufa, ya pili iko ndani ya kizimba.

Jumapili hiyo laini ilikatika, nikatumwa. Nilitoa fyuzi za transfoma, nikapanda, nikapima, waya zilikuwa zimekufa kabisa. Nami nikafanya uzembe wangu: sikuzifunga kwenye waya wa ardhi, unaomeza umeme ukirudi ghafla, kabla ya kuanza kazi, nikavua na glavu moja ili nishike nati ndogo. Wakati huo kulikuwa na mechi kwenye runinga. Tonny akabonyeza kiwashio chake.

Kanisa lilikuwa linatoka. Madam alisikia kelele za mpira kutoka orofa ya tatu kwa Gachanja, akaona dirisha lina taa, akainua macho akaniona mimi juu ya nguzo, mkono mtupu. Alikimbia na viatu vya kanisani, kimoja kikabaki kwenye matope, akipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake wala kwa mtu mwingine.

“Khamala! Usiguse! Iko na moto!”

Mkono wangu ulikuwa umebakisha upana wa kiganja. Niliurudisha kifuani nikaukumbatia kama mtoto. Nilipopima tena, kipimo kikawaka. Chini, Madam alikuwa anatikisa kile kizimba kwa mikono miwili. Duka la Rahab lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko ibadani kwenye kanisa lingine, na ufunguo alikuwa nao Tonny mfukoni, huko juu kwenye mpira.

Mzee Gachanja alipofika alianza kueleza habari za wezi. Madam, akiwa na kiatu kimoja, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, bila kupaza sauti, “Mzee, hii swichi si yako. Ni ya huyu jamaa ako juu ya nguzo ya stima. Wewe hata humjui.”

Jumatatu ripoti ilikuwa mezani. Angeweza kuandika fundi wa mtaani, Tonny na Mzee, na kila mtu angetosheka. Alianza na jina lake: Kalondu Makau, mkaguzi, alikubali ufunguo wa dukani kuhesabiwa kama swichi iliyo wazi. Wiki hiyo hiyo alikuwa anangojea barua ya kuwa mkuu wa idara. Barua ilikwenda kwa mwingine, na yeye akanyang'anywa ruhusa ya kutia sahihi kwa miezi minane. Nilikwenda kumwomba msamaha kwa uzembe wangu ulioongeza hatari. Aliniambia niandike ripoti yangu mwenyewe, kisha akanipa chai. Ninakiri chai yake ni mbaya sana, na niliinywa yote.

Ile miezi minane hakukaa bure. Wezi walikuwepo na wangeendelea kuwepo, basi aliona kanuni peke yake haitoshi. Alimtafuta Aketch, fundi wa kuchomelea huko Soweto East, na kwa pamoja wakabuni kijisanduku cha zege kinachojengewa ndani ya ukuta, kinachoacha mkono wa plastiki tu nje. Mwizi hapati hata gramu ya shaba ya kuuza, na fundi anazima kwa sekunde moja. Leo viko kwenye kuta zaidi ya mia sita kutoka Kabiro hadi Raila. Mafundi wa mtaani hawaviiti swichi. Utamsikia mmoja akimwambia mwenzake, “Hapo kwa gate weka Kalondu.” Cha kwanza kabisa kilijengwa kwa Mzee Gachanja, kwa ombi lake, na wapangaji wake wanasema Mzee huwaonyesha wageni kijisanduku hicho kabla ya kuwaonyesha choo.

Madam, kwa niaba ya ofisi nzima, asante kwa kutuangusha kila tulipostahili kuanguka. Asante kwa niaba ya mafundi wa laini kumi na wanane wa eneo hili, ambao jioni hurudi nyumbani wote. Upumzike Machakos, upate mvua ya kutosha na wajukuu wenye kelele, na uishi siku nyingi zenye afya.

Langu binafsi ni fupi. Jumapili ile mke wangu alikuwa na mimba changa. Marion alizaliwa Oktoba, na sasa ana miaka mitatu. Mimi ndiye ninayemvalisha viatu kila asubuhi.