Kamera Mbili za Nanzala

Benchi la Mzee Wabuge liko kwenye kona ya soko, hapa Eldoret, limeegemea ukuta wa duka la mbegu. Mwenyewe hushona viatu upande mmoja, na upande wa pili hukaa watu ambao viatu vyao havina shida yoyote. Asubuhi hiyo ya mwaka 2010 walikuwa wawili, wakigawana kahawa ya chupa. Mmoja ni Kiprop, mkulima wa Ziwa aitwaye Wakili kwa vile hajawahi kukubali kushindwa. Mwingine ni Githinji, fundi wa redio, wanayemwita Injinia. Injinia alichomewa nyumba Januari ya 2008, katika ghasia za uchaguzi, akakaa hemani mwaka mzima, kisha akarudi.  Siku aliyorudi, Wakili alisogea tu, akampa nafasi. Katikati yao alikaa Nanzala, binti wa Wabuge, ambaye hupiga watu picha za kitambulisho kwa kamera ya filamu. Sasa alikuwa ananunua kamera yake ya kwanza ya dijitali, zile za kubadilisha lenzi. Duka lilikuwa limemwekea mbili, achague moja kabla ya saa sita. Baba yake alikuwa na fahari hata sindano ikamponyoka mara mbili.

— Kuna ile nzito iko na lenzi ndefu, alisema Wabuge, na kuna ile ndogo, lenzi yake fupi, haivuti vitu vya mbali. Mimi nasema nzito. Kiatu kikiwa chepesi, najua soli ni ya karatasi.

— Hapo umesema, Mzee, Wakili akadakia. Halafu kuna mambo ya arusi. Ukienda na kamera ndogo, unapewa chakula pamoja na watoto huko nyuma ya jikoni. Ukiwa na ile ndefu unakaa meza ya wazazi, na nyama inakufuata.

— Si lenzi, ni megapikseli, alisema Injinia. Hiyo ndiyo nguvu, kama betri za redio. Zikiwa mingi, picha unaikuza ikae ukuta mzima ya kanisa.

— Binamu yangu wa Timboroa iko na hiyo ndefu. Asubuhi ukungu umefunika kila kitu, yeye anavuta, anaona mtu akikamua ng'ombe Nakuru.

— Nakuru ni mbali, Wakili.

— Ndio maana nikasema ni ndefu.

Injinia hakutaka kuachwa nyuma.

— Mimi nilitengeneza moja ya megapikseli kumi na nane. Tukapiga ng'ombe picha, tukaona iko na mimba ya miezi miwili.

— Ndume ama jike?

— Hatukuwa tumeikuza sana.

Wabuge alicheka, lakini mawazo yake yalikuwa uwanja wa ndege, siku wanariadha wanaporudi na medali, kamera ya binti yake ikiwa ndefu kuliko zote. Mwezi mzima alikuwa amewaambia wateja, hata wasiouliza, kwamba amezaa mpiga picha.

— Basi tumemaliza, alisema. Nanzala, enda ulete ile nzito.

Nanzala aliinuka polepole.

Hapo akafika Mwalimu Esther wa shule ya nasari, mkononi kiatu kilichoachama. Alisikia hayo ya mwisho, akauliza:

— Kwani anataka kupiga picha za nini?

Wakili alimtazama Injinia. Injinia alitazama kahawa yake. Mkono wa Wabuge ulisimama na uzi hewani. Kujisifu kote kule, na hilo hakuwahi kumuuliza mtoto. Aliona haya ya kweli.

— Si huyu hapa, alisema mwalimu. Muulizeni.

— Picha za wazee, Nanzala akajibu. Wakiwa kwao nyumbani. Wale albamu zao ziliungua. Nilienda kupiga mama ya Injinia picha ya kitambulisho, akaniambia wajukuu wake hawatawahi kuona vile alikuwa msichana. Nyumba yake iko na dirisha moja, na flashi inamshtua. Hiyo lenzi fupi haivuti, lakini inaona kwa mwangaza kidogo. Mimi ndio nitasonga karibu.

Wabuge alijivunia binti huyu. Aliinama, akajifanya anatafuta nta.

— Enda uchukue hiyo yako, alisema.

Injinia alifuta uso kwa kiganja.

— Kuja Jumapili baada ya kanisa, alimwambia Nanzala. Nitamwambia mama avae ile nguo ya kijani.

— Na mimi nikuje? Wakili aliuliza, sauti imemshuka. Sijaenda kumwona mama tangu ile mwaka ya moto.

Injinia alimmiminia kahawa iliyobaki.

— Vaa koti, alisema. Utakuwa kwa picha.