Sitatubu Ngoma Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema tena, asifiwe! Na wenye kununa kwa sababu ya ile nitasema leo, nitaitikia kwa ajili yao: milele na milele, amina!

Mimi ni Zihindula, wa hapa Kadutu. Miaka mingi nimekuwa batteur, mupiga ngoma. Si rumba, ndugu zangu. Jazz na blues! Watu wa Bukavu walinicheka: «Zihi, hiyo muziki yako watu watacheza namna gani?» Mimi nikaendelea kupiga. Nilipiga katika hoteli za kando ya ziwa, nyuma ya waimbaji wenye kutoka mbali, na mutima yangu ilisema: hapa kwetu kuko wenye kuwapita.

Papa Bisimwa, kwa mufano. Aliacha nguvu yake yote katika machimbo ya zahabu ya Shabunda, akarudi na gitari tu. Mwenye kusikia hiyo gitari analia bila kujua analilia nini. Ao Maman Vumilia wa Luberizi, mwenye alijifunza kuimba akifukuza ndege katika mupunga. Hakuna redio ilimuita hata siku moja. Mimi, kila hoteli yenye iliniita niliiambia: «Bila hawa wawili, sipige.»

Kisha nikaokoka. Na hapo ndipo nilianguka! Musishangae. Yesu alinitoa katika pombe, sifa kwake. Lakini muzee mumoja wa kanisa akaniambia, «Hiyo muziki ni ya Shetani, na wale wawili ni minyororo yake.» Nikaogopa. Nikafunika batri yangu, zile ngoma zangu zote, na turubai. Siku moja Papa Bisimwa akanikuta sokoni, akanyoosha mukono: «Jambo, batteur yangu!» Mimi nikavuka barabara. Mbele ya watu! Akabaki na mukono hewani.

Haikupita muda murefu, asubuhi moja nikaamka, mukono yangu ya kuume imekufa. Mudomo imepinda. Hospitali wakanirudisha nyumbani: «Mazoezi na uvumilivu, papa.» Yule muzee akaja kusema Mungu ananipiga kwa sababu ya jazz. Nikakubali! Nikalala nikitazama ukuta.

Ndugu zangu, nani aligonga mulango? Papa Bisimwa! Kutoka Nyantende, kule inje ya muji, kwa miguu, kofia ikidondosha maji ya mvua. Haya ikanishika, nikalia.

«Papa, unisamehe.»

«Utalia kisha. Sasa shika.» Akaweka fimbo ya batri katika ile mukono yenye kufa, akaifunga na kitambaa, akageuza beseni ya muke wangu ikuwe ngoma. «Mimi napiga gitari. Wewe unafuata.»

«Mukono haisikie, papa.»

«Itasikia blues. Blues haina haraka.»

Alikuja kila siku. Maman Vumilia naye akafika, akaimba zaburi kwa ile sauti yake ya mashamba. Miezi na miezi! Siku moja kidole ikaruka. Kisha fimbo ikagonga beseni: ta! Muke wangu akatupa mwiko, akapiga vigelegele. Hapo niliokolewa mara ya pili, na safari hii nilitolewa katika woga!

Hii mukono, muitazame! Inatetemeka kidogo, lakini inapiga. Kila posho, ndiyo Jumamosi, muchana, parcelle yangu, kiwanja ya nyumba yangu, iko wazi kwa kila mupiga muziki mwenye watu wamesahau. Muniite mupagani mukitaka! Nilitubu pombe. Nilitubu kumukana rafiki. Jazz, sitatubu! Mungu mwenye kunipa mukono mara mbili anajua inapiga nini.

Na wewe mwenye kulala ukitazama ukuta, umutumainie. Atakutumia mutu, na pengine ni yule unamukimbia.

Sasa musikilize. Papa Bisimwa na Maman Vumilia wako inje. Wamesimamishwa mulangoni ya hii kanisa sababu ya gitari. Mimi sishuke hapa mbele mpaka waingie. Musogee, ndugu zangu, muwape nafasi kwa benchi ya mbele.

Maman, ingia! Papa, ingia na gitari yako!