Daktari Taratibu na Wagonjwa Waliomfuata

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akahitimu udaktari. Baadaye alibobea katika magonjwa ya watoto.

Alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika hospitali moja. Wodini walimwita Daktari Taratibu, maana hakumgusa mtoto kabla ya kumpima mwanasesere wake kwanza.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi cherehani aliyemshonea koti la kazi. Baba alikosea mikono makusudi ili mteja arudi. Alirudi mara tatu.

Mwaka 2002 uongozi uliagiza kila mgonjwa aonwe kwa dakika chache tu. Mama alibishana hadi akachoka, akaacha kazi. Alipofungua chumba cha matibabu nyuma ya duka la baba, hospitali ilimshtaki kuwa amewachukua wagonjwa wake, na mahakama ikamzuia kutibu hadi kesi iishe. Huo ndio mwaka tuliomwona akinyong'onyea. Kina mama waligonga mlango wakiwa na watoto wenye homa. Aliwakaribisha, akawaelekeza kwa madaktari wengine, kisha akajifungia jikoni. Baba alimsihi wahame mji yaishe. Alikataa.

Mahakamani wakili wa hospitali alimuuliza kwa nini aliondoka na wagonjwa. Akajibu kwa sauti yake ya chini, "Sikuondoka na mtu. Niliondoka peke yangu, nikilia. Wao ndio walionitafuta."

Hakimu alivua miwani, akaifuta. Mama alishinda kesi, na kesho yake foleni ilifika barabarani.

Figo zilipoanza kumsumbua mwaka juzi, alitaka kulazwa hospitali ile ile. Sisi wanawe tulimjia juu.

"Niligombana na ofisi," alisema. "Sikugombana na wauguzi."

Wauguzi hao walimwogesha na kumsuka nywele. Mmoja wao, ambaye mama alimtibu utotoni, ndiye aliyemshika mkono alipokata roho asubuhi ya tarehe 14 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na watu wazima wengi ambao hadi leo wanasema, "daktari wangu."

Apumzike sasa kwa amani. Zamu yake imekwisha.